Kimara, Bunju au Kigamboni? Ulinganisho kwa anayehamia pembezoni mwa Dar

Haupiti muda mrefu kabla ndugu au rafiki hajanipigia simu akiwa amesimama mbele ya geti la nyumba fulani, dalali pembeni yake, akiniuliza: "Hapa nichukue?" Ananitumia picha za sebule yenye vigae, jiko lenye makabati, choo cha ndani, madirisha ya alumini. Picha ya barabara inayofika pale hanitumii, wala ya bonde lililo nyuma ya ukuta. Namwomba ageuze simu anionyeshe nje. Vigae utabadilisha mwakani ukipata hela, lakini mtaa unaukuta, na utaishi nao kama ulivyoukuta.

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam zinazotoka kwenye vyumba vya kupanga Sinza, Manzese au Temeke, uchaguzi huangukia pande tatu. Kuna Barabara ya Morogoro, yaani Kimara, Mbezi hadi Kibamba. Kuna Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta, Boko hadi Bunju. Na kuna ng'ambo ya maji, Kigamboni, kuanzia Mjimwema hadi Kibada na Gezaulole. Mimi naishi Kimara, niliwahi kupanga Boko, na dada yangu amejenga Kibada ambako mimi hufika karibu kila mwezi. Chamazi, Pugu na Chanika nimeziacha kwa sababu sizijui kwa kuzilalia.

Vigezo nilivyotumia ni vitano: safari ya kila siku, karatasi za ardhi, maji (ya bomba na ya mvua), nyumba na udongo inaosimama juu yake, kisha mtaa wenyewe. Bei nimeiacha nje kwa makusudi. Tofauti kati ya kiwanja kilicho kando ya lami na kilicho kilomita mbili ndani, katika eneo lile lile, mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya Kimara na Kibada.

Safari ya kila siku

Kimara ndiko mwendokasi ulikoanzia. Tangu Mei 2016 mabasi yanatoka Kimara Mwisho kwenda Kivukoni kwenye njia yake yenyewe, kilomita zipatazo 16, na kuna matawi ya Morocco na Gerezani. Asiye na gari na anayefanya kazi Posta, Kariakoo au Magomeni hatapata njia iliyonyooka zaidi ya hiyo. Ugumu wake uko kituoni alfajiri, watu wanapokuwa wengi kuliko mabasi, na uko kabla ya kituo. Anayeishi Makabe au Msakuzi anaanza safari juu ya bodaboda, akishuka kilima cha udongo mwekundu gizani. Kwa hiyo pima muda kutoka mlangoni kwako, usipime kutoka kituoni. Chukua nauli ya boda, kwenda na kurudi, kwa kila mtu wa nyumbani anayetoka, zidisha kwa siku za kazi za mwezi, kisha uijumlishe kwenye kodi ya nyumba. Nyumba nyingi za "bei nafuu" hupoteza unafuu wake hapo hapo. Mwenye biashara za mikoani ana faida ya ziada upande huu, kwa kuwa stendi kuu ya mabasi, ya Magufuli, iko Mbezi tangu 2021.

Upande wa Bunju unamfaa zaidi mtu ambaye kazi yake iko Mwenge, Mikocheni, Masaki au Kunduchi. Bunju iko takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo haina huruma asubuhi. Njia ya mwendokasi ya barabara hiyo, ile awamu ya nne, imepangwa kufika Tegeta. Dalali atakuambia "mwendokasi unakuja" kana kwamba utapita mbele ya geti, lakini ukiishi Bunju B bado utahitaji daladala la kukufikisha Tegeta. Lipia usafiri uliopo leo. Ukija mwingine, uwe faida.

Kigamboni ndiko karibu zaidi kwa macho. Ukisimama Kivukoni unaiona, unaweza hata kuhesabu minazi. Mtembea kwa miguu analipa shilingi 200, anavuka kwa dakika chache, anashukia katikati ya jiji karibu na soko la samaki. Siku vivuko vyote vikiwa majini, dada yangu hufika kazini kabla yangu mimi wa Kimara. Siku kimoja kikiwa matengenezo, watu hujaa kwenye lile banda la kusubiria hadi ukitaka kuinua mkono kufuta jasho unamgusa jirani. Mwenye gari anategemea Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Daraja lina tozo. Zilipunguzwa mwaka 2022, lakini bado zinalipwa, na fundi anayeleta mchanga au kokoto kwa lori ataziweka kwenye bei yake.

Karatasi za ardhi

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Swali la kumuuliza muuzaji ni: haki hiyo imeandikwa wapi, na kwa jina la nani?

Hapa pande hizi tatu zinatofautiana sana. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000, na maeneo yake ni pamoja na Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada na Gezaulole. Ukitembea kwenye vitalu hivyo utaiona tofauti bila kuambiwa: mitaa imenyooka, bikoni, yaani mawe ya mipaka, zipo kwenye kona, na nafasi imeachwa kwa ajili ya shule na uwanja. Hati ziko nyingi huko. Lakini usimezwe na jina. Kuna Bunju iliyopimwa na kuna Bunju ambayo mtu alikata shamba la mpunga vipande vya ishirini kwa ishirini akauza. Kibada nayo ni hivyo hivyo.

Kimara na sehemu kubwa ya Mbezi zilikua zenyewe, familia moja ikimkatia nyingine. Karatasi uliyozoea kuiona huko ni ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi. Baadhi ya mitaa imepitia urasimishaji, yaani kupimwa na kusajiliwa ikiwa imeshajengwa, na watu wamepata hati, mingine bado. Karatasi ya mauziano imeziweka familia kwa miaka mingi kwa amani, siidharau, na yangu mwenyewe ilianza hivyo. Ila ukitaka mkopo wa benki utaona mipaka yake haraka, na barabara ikipanuka hutakuwa na mengi ya kushika mkononi. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando usioruhusiwa kujengwa, iliyodaiwa pale ilipita mita 100 kutoka katikati ya barabara, mbali kabisa na zile mita 30 watu walizozizoea. Nilipita siku zile nikaona watu wakitoa milango kwenye fremu wenyewe ili wapate kitu cha kuondoka nacho. Ukinunua upande huu karibu na barabara kuu, jambo la kwanza ni kujua hifadhi inaishia wapi mbele ya kiwanja hicho.

Kigamboni ina historia yake. Mpango wa Mji Mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwaacha wakazi wengi kwa miaka bila kujua kama waendeleze au wasubiri. Wengine waliuza kwa hofu, wengine waliuza mara mbili. Upande wa bahari kuna kingine cha kukumbuka: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Kiwanja chenye "mandhari ya bahari" kipimwe kwa futi kamba kabla hakijapimwa kwa hela.

Popote uendapo, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kama kuna hati. Kama hakuna, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, kisha kwa majirani wa pande zote nne bila dalali. Nyumba ikiwa ya ndoa, saini ya mke au mume wa muuzaji iwepo. Nimeona kesi ya nyumba ikiibuka miaka sita baadaye kwa sababu ya saini moja iliyokosekana.

Maji

Nikiambiwa nichague kigezo kimoja tu, nitachagua hiki.

Ya bomba kwanza. Kimara na Mbezi hupata maji ya mtambo wa Ruvu Juu, Tegeta hadi Bunju ya Ruvu Chini. Mito ikipungua, kama mwishoni mwa mwaka 2022, pande zote mbili huingia kwenye mgawo. Kimara ina tabu ya ziada, vilima. Nyumba ya bondeni ina maji, ya juu ina bomba tupu. Uliza jirani wa juu, usiulize wa chini. Kigamboni inategemea sana visima virefu, na mwenye kuchimba kisima chake karibu na bahari anaweza kukutana na maji ya chumvi yasiyofaa hata kupikia chai. Popote utakapohamia hesabu simtanki kama sehemu ya nyumba, na kwa familia ya watu watano au sita usishuke lita 2,000.

Sasa ya mvua. Nilipokuwa natafuta nyumba Boko, nilipelekwa kwenye moja nzuri mno: vyumba vitatu, uwanja mpana, mwembe mmoja, kodi ya chini kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa Januari, jua kali. Ukuta wa nje ulikuwa umepakwa rangi mpya, lakini kuanzia usawa wa goti kwenda chini rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na nilipoigusa ilibaki kidoleni kama unga. Nilitoka nikamsalimia mama aliyekuwa anakaanga vitumbua kwenye kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unahamia ile?"

"Natazama tu, mama."

Hakusema neno jingine. Alichukua mwiko wake akauelekeza kwenye nguzo ya umeme iliyokuwa karibu nasi. Juu kidogo ya kiuno changu kulikuwa na mstari wa tope mkavu, umezunguka nguzo nzima kama mkanda. Nikamshukuru, nikanunua vitumbua vya watoto, nikamwambia dalali twende.

Boko Basihaya na mabonde ya Tegeta yana sehemu ambazo masika, Machi hadi Mei, hugeuka ziwa, na maji hukaa kwa sababu hayana pa kwenda. Lakini mita mia tatu kutoka pale kuna nyumba zisizojua mafuriko kabisa. Nilikopanga mwishowe, upande wa juu, miaka miwili yote tulilala pakavu. Kwa hiyo usiseme "Boko inafurika." Sema nyumba ipi, na iko usawa gani na nguzo ile.

Kimara maji hayasimami, yanakimbia. Yanakata barabara, yanachimba makorongo, yanakula udongo chini ya msingi wa jirani na kuuleta kwako. Mtaani kwetu watu wamepanga viroba vya mchanga kama ngazi ili watoto waweze kushuka kwenda shule. Kigamboni mchanga hunywa maji haraka kwenye sehemu kubwa, ila maeneo ya chini karibu na mikoko hujaa.

Nenda kaangalie nyumba wakati wa mvua. Kama huwezi kusubiri masika, angalia nguzo, kuta za fensi na vyoo vya nje, kisha umuulize mtu ambaye hauzi kitu kwako isipokuwa kitumbua.

Nyumba na udongo wake

Kimara inakudai msingi mrefu na ukuta wa kuzuia udongo. Hela inayofukiwa chini hapo ingekutosha kupaua kwingine. Ukinunua iliyokwisha kujengwa, zunguka nyuma uangalie upande wa bonde: nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha ni dalili kwamba msingi umecheza. Faida yake ni kwamba kokoto zinazotoka Lugoba zinapita barabara hiyo hiyo, na nyumba iliyo juu ya kilima ina upepo ambao hakuna feni inayoufikia.

Tegeta na Boko kuna sehemu zenye udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Nyumba iliyojengwa kwa msingi mwepesi huko hupasuka pamoja nao. Saruji ni jirani, kiwanda kiko Wazo, na wanaoishi karibu wanajua pia vumbi lake. Kigamboni msingi wenyewe si mgumu kuchimba, tabu inakuja na chumvi. Bati za kawaida zikiwa karibu na bahari huanza kuota kutu mapema, nondo za madirisha vivyo hivyo, na fundi anayechanganya zege kwa mchanga wa ufukweni anakuachia ugonjwa ndani ya ukuta. Muulize mchanga umetoka wapi.

Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo hiyo ni sawa pande zote.

Mtaa

Kimara ina watu. Duka liko hatua ishirini, duka la dawa, fundi cherehani, mama lishe, saluni, vyote hapo hapo. Mtoto akichelewa kurudi kutoka shule kuna watu kumi wa kuwauliza, na msiba ukitokea hulali peke yako. Hiyo inakuja na baa inayopiga muziki hadi usiku wa manane, kipaza sauti cha ibada alfajiri, na njia nyembamba mno kwa gari la zimamoto. Kwa hospitali kubwa, Mloganzila iko upande huu tangu 2017.

Bunju na Mbweni zilizopimwa ni tulivu. Fensi ndefu, mageti ya chuma, miti. Watu hulipa walinzi kwa michango ya mtaa na kukutana kwenye kundi la simu zaidi kuliko barabarani. Wanaotoka uswahilini huniambia miezi ya kwanza ni migumu, unaweza kumaliza wiki bila kubisha hodi kwa mtu. Wengine ndicho walichokuwa wanakitafuta maisha yao yote. Shule za binafsi ni nyingi na mabasi yake hupita asubuhi na mapema. Mabwepande, jirani ya Bunju, ina watu waliohamishiwa huko baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na mtaa umekua kwa namna yake, wenye soko na vijana wengi.

Kigamboni bado ina mji wa zamani ndani yake. Pwani ya Mjimwema na Gezaulole kuna wavuvi na wazee waliozaliwa pale, halafu Kibada kuna nyumba mpya zenye paa za rangi. Ukiwa mgeni mwenye adabu unapokelewa vizuri. Dada yangu alipohamia, kabla hata hajaweka pazia, bibi wa nyumba ya pili alimletea nazi tatu. Watoto wanacheza nje. Kinachonitia wasiwasi ni usiku. Hospitali ya wilaya ipo Gezaulole, lakini ukipewa rufaa ya Muhimbili saa nane za usiku ni safari ya kupitia darajani. Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani alipime hilo kwa uzito wake wote.

Kulingana na hali yako

Huna gari, unafanya kazi Kariakoo au Posta, na una watoto wadogo: anza kutafuta Kimara hadi Mbezi, ndani ya mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu hadi lami, hata kama vyumba vitakuwa vidogo. Ukikosa, jaribu Kigamboni karibu na Feri, ambako unatembea hadi kivukoni.

Una gari, kazi yako iko Mwenge, Mikocheni au Masaki, na unataka hati mkononi kwa ajili ya mkopo: Bunju na Mbweni kwenye vitalu vilivyopimwa, ukishaikagua nguzo.

Unajenga polepole, tofali mia mwezi huu, mia mwezi ujao, na hutahamia kabla ya miaka mitano: Kibada na Gezaulole kwenye kiwanja chenye bikoni. Weka mtu wa kuangalia na panda miti kwenye mipaka mapema, maana kiwanja kilichokaa kitupu hupata wenyewe wengine.

Unapanga tu kwa mwaka au miwili: usiogope karatasi, ogopa maji. Kodi ya miezi sita uliyolipa mbele hairudi kirahisi nyumba ikijaa Aprili.

Unaishi na mzazi mzee anayehitaji kliniki mara kwa mara: Kimara au Mbezi kwenye tambarare, usichukue ya kilimani. Mbebe mama mara moja hadi kwenye gari siku ya mvua ndipo uamue.

Unafanya kazi nyumbani, unatoka mara mbili kwa wiki, unapenda upepo na kimya: Kigamboni kwanza, kisha Bunju. Lala usiku mmoja kwa mwenyeji kila upande kabla ya kulipa. Mimi chumba cha wageni ninacho, Kimara, na kutoka dirishani kwake utausikia mtaa wote.